Mwongozo kamili: kuchagua vifaa vya kompyuta ya bei poa ya BOINC na Folding@home bila luku kukufilisi

Wadau, hii ni kwa wale walioshajaribu BOINC au Folding@home kwenye laptopu, wakaona feni inapiga kelele usiku kucha na betri inavimba, sasa wanataka mashine ya pembeni ya kazi hiyo tu. Kwa ambao hawajui tunaongelea nini: wanasayansi wana hesabu kubwa kuliko kompyuta walizonazo, wanazikatakata vipande vidogo, kompyuta yako inachukua kipande, inakipiga masaa kadhaa, inarudisha jibu. Hulipwi. Walioanza kuipa umaarufu ni SETI@home ya chuo cha Berkeley, Marekani, mwaka 1999, wakitafuta ishara za viumbe wa anga za mbali. Ile ilisimama kugawa kazi Machi 2020 lakini programu iliyotokana nayo, BOINC, ndio bado inabeba miradi mingi mpaka leo.

Naandika nikiwa Dar, kwahiyo mifano ya umeme na maduka ni ya huku (luku ni umeme wetu wa kulipia kabla), ila hesabu ni ile ile popote ulipo, badilisha bei ya uniti tu.

Kitu kimoja ukishike kabla hujaenda Kariakoo: mashine hii haipumziki. Kompyuta ya ofisini inafanya kazi kidogo, inalala, inaamka. Hii itakimbia asilimia mia masaa 24, kwahiyo bei utakayolipa dukani ni ya siku moja na bei ya umeme ni ya kila siku. Mtu anachukua limashine la bei ya kutupa halafu miezi michache baadae analizima kwa sababu nyumba nzima inamlalamikia yeye kila luku ikiisha, na mashine iliyozimwa haina faida kwa mradi wowote.

Hatua ya 1: chagua mradi kwanza, vifaa baadae

Wengi wanaanza kinyume. Mradi ndio unakuambia ununue nini.

Einstein@Home wanatafuta mawimbi ya uvutano na nyota zinazoitwa pulsa, na watu wa kawaida majumbani wameshagundua pulsa kupitia huko, ya kwanza ilitangazwa 2010. Kazi zao zinakubali prosesa na kadi ya grafiksi, na muda wa kurudisha ni kama wiki mbili, yaani hata umeme ukikatika siku nzima hujaharibu kitu. Kwa mazingira yetu huu ndio mradi mpole kuliko yote, anza nao.

Rosetta@home ni wa protini, umetoka kwenye maabara ya David Baker pale University of Washington, yule aliyepata Nobeli ya kemia 2024. Unatumia prosesa tu, lakini unakula RAM vibaya na muda wake wa kurudisha ni mfupi, siku chache tu. Ukiwa na RAM ndogo usiuguse.

World Community Grid ilianzishwa na IBM 2004, ikahamia taasisi ya Krembil kule Toronto 2021. Humo ndani kuna mambo ya saratani, na kuna mradi wa mvua za Afrika ulioanza 2019 na chuo cha Delft cha Uholanzi, ambao kwa kweli ndio ulionivuta mimi, maana unapiga hesabu za mvua za huku huku kwetu kusini mwa Sahara. Tahadhari mbili: tangu wahame kuna vipindi seva zao zimelala muda mrefu, kwahiyo usiutegemee peke yake, na kazi za mvua zina mafaili makubwa ya kurudisha, kama unaishi kwa bando la simu utalia.

Folding@home wenyewe hawatumii BOINC, wana programu yao, wapo tangu 2000, na ndio wale ambao 2020 wakati wa Korona walijaza watu mpaka wakavuka eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni bilioni kwa sekunde. Hawa wanataka kadi ya grafiksi na wanataka jibu haraka, ukirudisha mapema unapewa pointi za nyongeza. Kama umeme wako ni wa kukatika katika na huna kadi ya maana, waachie wengine.

LHC@home ya CERN nayo ipo, ila kazi zao nyingi zinaendeshwa ndani ya VirtualBox (programu ya kuigiza kompyuta ndani ya kompyuta), zinataka RAM na intaneti nzuri. Sio ya mashine ya kwanza.

Hatua ya 2: piga hesabu ya luku

Fomula ni ya darasa la saba: wati, mara 24, mara 30, gawanya kwa 1,000. Hizo ni uniti kwa mwezi.

Kwa mteja wa kawaida wa T1 (kundi la bei la nyumba nyingi), uniti ni shilingi 292 kabla ya makato, ukiweka VAT 18%, REA ya umeme vijijini 3% na EWURA ya mdhibiti 1% unafika kama 356. Angalia risiti yako ya luku, gawanya pesa kwa uniti, utapata yako halisi.

Mashine inayovuta wati 40 ukutani ni uniti karibu 29, sawa na 10,000 na kidogo kwa mwezi. Wati 60 ni uniti 43, elfu 15 na ushee. Wati 120 ni uniti 86, karibu elfu 31. Na yale maseva ya Xeon (prosesa za seva) mbili mbili ambayo watu wanayatolea macho kwa sababu kori, yale mafungu ya prosesa yanayopiga kazi kwa pamoja, ni nyingi na bei ni ndogo, yakivuta wati 300 ni uniti 216, unaongelea kama 77,000 kila mwezi, kodi ya chumba hiyo kwa baadhi ya mitaa.

Halafu kuna mtego ambao haupo kwenye miongozo ya Wazungu. Kama nyumba yako ipo D1, ile ya matumizi madogo ya uniti 75 kwa shilingi 100 kabla ya makato, ukivuka hizo 75 uniti zinazofuata zinaruka mpaka 350, na ukizoea kuvuka unahamishiwa T1 kabisa. Sasa nyumba inayotumia uniti 50, ongeza mashine ya wati 40, umeshafika 79. Hapo sio tu unalipia kompyuta, umepandisha bei ya taa, feni na friji. Kwenye nyumba ya kupanga ambayo mita mnashea, ongea na wenzako kabla hujaichomeka, sio baada.

Hatua ya 3: prosesa, hapa ndio pa kutumia akili nyingi

Tuweke sawa jambo moja la dukani, ukimwambia muuzaji unataka CPU atakuletea boksi zima, ndivyo wanavyoita. Ukitaka kile kidude chenyewe sema prosesa.

Unachotafuta sio mashine yenye nguvu kuliko zote, ni inayofanya kazi nyingi kwa uniti moja. Kwa bajeti yetu jibu karibu kila mara ni mashine za ofisi zilizotumika Ulaya, yaani HP EliteDesk na ProDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Zimejaa.

Core 2 Duo na Intel za kizazi cha 1, achana nazo hata ukipewa bure. Hazina AVX, yale maelekezo ya prosesa ambayo programu nyingi za hesabu zinayatumia kwenda kasi, na zinakula umeme mwingi kwa kazi kidogo. AVX iliingia kizazi cha 2 mwaka 2011, AVX2 kizazi cha 4 mwaka 2013. Ila Pentium na Celeron za vizazi hivyo zimeondolewa AVX, kwahiyo "Pentium gen ya 4" isikudanganye kwa sababu tu boksi ni lile lile la i5.

Kizazi cha 4, mfano i5-4570, ni kori 4 na TDP (kipimo cha wati za prosesa ikiwa kazini) ya wati 84. Inafanya kazi, ni ya bei ndogo, ila ni ya mtu ambaye umeme sio shida yake.

Kizazi cha 6, mfano i5-6500, ni kori 4 kwa wati 65. Hapa ndio pa kuanzia. Na ukiona herufi T mwishoni, i5-6500T, hiyo ni kori 4 kwa wati 35, inapoteza spidi kiasi lakini kwa kila uniti ya umeme inakupa kazi zaidi. Zinakaa kwenye yale maboksi madogo kama kitabu.

Kizazi cha 8 ndio tamu yenyewe, i5-8500T, kori 6 kwa wati 35 zile zile. Intel walikaa kwenye kori 4 kwa i5 miaka na miaka, hapa ndipo waliongeza.

Tufanye mfano. Umesimama dukani, kuna i7-2600 ya kesi kubwa, stika ya i7 inang'aa, na kuna kiboksi cha i5-8500T kinachozidi bei kwa tuseme 200,000. Ya kwanza ukiipiga kazi muda wote inavuta kama wati 115 ukutani, ya pili kama 45. Tofauti ya wati 70 ni uniti 50 kwa mwezi, karibu elfu 18. Ile laki mbili inarudi kabla mwaka haujaisha, na muda wote huo kiboksi kilikuwa kinapiga kazi nyingi kuliko lile li-i7. Muuzaji atakuambia i7 ni kubwa kuliko i5. Muache aseme.

Ukitaka kuunga kipya kabisa, Ryzen 5 5600G ina kori 6 thredi 12 (kila kori inapiga kazi mbili kwa mpigo) kwa wati 65 na ina grafiksi yake ndani, hiyo ni mashine ya heshima, lakini utanunua mazabodi, RAM, pawasaplai na kesi, bajeti inatoka kwenye "poa" inaenda kwingine.

Hatua ya 4: RAM

Kanuni yangu ni GB 2 kwa kila kori itakayofanya kazi. Kori 4, weka GB 8. Kori 6, weka GB 16, ukibaki na GB 8 kubali kori mbili zikae bure. BOINC yenyewe ikiona RAM imejaa inasimamisha baadhi ya kazi, kwahiyo haikufii mikononi, ila umelipia kori ambazo hazifanyi kitu.

Weka mbili mbili. Fimbo mbili za GB 4 ni bora kuliko moja ya GB 8, maana prosesa inasoma pande zote mbili kwa pamoja, na hesabu za mvua na hali ya hewa zinasikia sana tofauti hiyo. Kizazi cha 4 kinatumia DDR3, cha 6 kwenda mbele mara nyingi DDR4, ila kuna mazabodi za kizazi cha 6 zinazotumia DDR3L, kwahiyo fungua uangalie kabla hujanunua ya kuongezea. Na viboksi vidogo vinatumia RAM fupi za laptopu, usije ukabeba ndefu.

Hatua ya 5: diski

SSD yoyote nzima ya GB 120 au 240. Basi. Spidi yake haibadilishi chochote kwenye hesabu, faida yake ni umeme mdogo na kwamba mashine ikizimika ghafla haina sahani inayozunguka ya kukwaruzika.

Hatua ya 6: kadi ya grafiksi, kama kweli unaihitaji

Kwa Einstein na Folding kadi inapiga kazi kuliko prosesa mbali sana, hilo ni kweli. Lakini angalia pawasaplai kwanza. OptiPlex 9020 ile nyembamba ina wati 255, EliteDesk 800 G1 nyembamba ina 240, na soketi zake za kwenye mazabodi sio zile za kawaida, huwezi kwenda kununua pawasaplai yoyote ukachomeka. Kwahiyo unabaki na kadi zinazokula umeme kutoka kwenye sloti peke yake, mwisho wati 75, bila waya wa pembeni: GTX 1050 Ti, au GTX 1650 zile zisizo na soketi ya pini 6. Kwa kesi nyembamba lazima iwe fupi, na hizo fupi zinauzwa ghali. GT 1030 inaingia kote na ni wati 30 tu ila angalia iwe ya GDDR5, ile ya DDR4 ina jina hilo hilo na ni goigoi. GT 210 na GT 710 ni za kuonyesha picha tu, sio kazi hii. Viboksi vidogo vingi havina hata pa kuichomeka, kama unataka kadi chukua kesi kubwa toka mwanzo.

Kuna utapeli wa kadi bandia: chipu ya zamani ya GTS 450 au GTX 550 Ti imeandikwa upya ndani ijitambulishe kama GTX 1050 Ti, Windows yenyewe inaisoma hivyo. Beba GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kwenye flashi, ukiifungua inaweka neno FAKE mbele ya jina. Asiyekubali ujaribu, muage kwa amani.

Na ushauri wa zamani uliojaa mtandaoni wa kununua Radeon HD 7970 kwa ajili ya Milkyway@home, mradi mwingine wa BOINC, upuuze. Kazi zao za kadi ziliisha 2023, sasa hivi ni prosesa tu.

Draiva pia: NVIDIA wameshatangaza kwamba toleo la 580 ndio la mwisho kwa kadi za kundi la GTX 10. Zitaendelea kufanya kazi, ila ukiwa na uwezo wa kuchagua kati ya 1050 Ti na 1650 kwa bei zinazokaribiana, chukua 1650.

Hatua ya 7: ulinzi wa umeme

Hii sio ya hiari. Umeme ukirudi unarudi na hasira. Fridge guard ya dukani inatosha kama ulinzi wa kwanza, inasubiri dakika kadhaa umeme utulie ndio inaruhusu. UPS ya 650VA ni nzuri zaidi, lakini elewa ni ya nini: VA sio wati, ya 650 inabeba chini ya wati 400 na betri yake ya volti 12 kwa 7Ah itakusukuma mashine ya wati 50 dakika 20 au 30 ikiwa mpya. Ni ya kuvusha ile katika-rudi ya sekunde chache na kukupa muda wa kuzima vizuri. Betri za UPS za mtumba nyingi zimekufa, chomoa waya wa ukutani pale pale dukani uone.

Hatua ya 8: kujaribu dukani

Nenda na flashi yenye Linux ya kuwakia moja kwa moja. Iwashe mashine kwa flashi hiyo, piga kori zote kazi kwa dakika 15, sio 2. Ikizima yenyewe au joto likivuka digrii 90, paste (ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa) imekauka au feni imechoka, vyote vinatengenezeka, ila ni sababu ya kushusha bei. Soma jina la prosesa kwenye skrini, sio kwenye stika. Ingia BIOS, zile setingi za mashine kabla mfumo haujawaka: ikikuomba paswedi, iache hapo hapo, hiyo ni ya kampuni iliyokuwa nayo huko ilikotoka na mafundi wengi watakuambia inatoka kirahisi kumbe sio. Fungua mfuniko, angalia kapasita zilizovimba vichwa na kutu kwenye skrubu za karibu na mlango wa kebo za nyuma. Huku pwani chumvi ya hewani ikishaanza hapo, imeingia na ndani. Kwa viboksi vidogo hakikisha unapewa adapta ya kwake, maana HP na Dell hawapendi adapta za kubahatisha, nyingine mashine inawaka lakini prosesa inapunguzwa spidi kimya kimya na wewe hujui.

Hatua ya 9: nyumbani, setingi

Safisha vumbi, badilisha paste, iweke mahali penye hewa, sio kabatini, sio sakafuni. Kwenye BIOS tafuta setingi ya umeme ukirudi, HP wanaiita After Power Loss na Dell wanaiita AC Recovery, iweke iwake yenyewe. Kama joto la chumba ni kubwa zima turbo (prosesa kujiongezea spidi yenyewe), utapoteza kazi kiasi na utapunguza wati na joto kwa zaidi ya hicho ulichopoteza. Mfumo, weka Linux nyepesi, skrini iondoe, kibodi iondoe.

Kwenye BOINC badilisha vitu vitatu. Muda wa kuhifadhi kazi kwenye diski upandishe kutoka sekunde 60 mpaka 300, ila kama huna UPS uache hapo ulipo. Weka akiba ya kazi ya siku moja au mbili, isizidi, usije ukarudisha kwa kuchelewa. Na mtandao, kama una bando la usiku, kuna sehemu ya kupanga saa za kupakua na kurudisha, weka saa sita usiku mpaka kumi na moja alfajiri, kazi zinasubiri hazina shida.

Ukitaka kupunguza mzigo wa mashine, punguza idadi ya kori zinazotumika, usipunguze ile asilimia ya muda wa prosesa. Hiyo ya pili inafanya prosesa iwake na kuzima kila sekunde, joto linapanda na kushuka na feni nayo inafuata.

Baada ya wiki fungua akaunti yako kwenye tovuti ya mradi, uangalie orodha ya kazi ulizorudisha. Zikiwa zinakubaliwa, iache ijiendee. Zikiwa na makosa mengi usikimbilie kulaumu mradi, zima, washa Memtest, programu ya kupima RAM, usiku kucha, na mara nyingi utakuta ni fimbo moja ya RAM, itoe uendelee na iliyobaki mpaka upate nyingine.